Kiti cha Mbele, Mbeya hadi Iringa

Nilijiandikisha katika mashindano ya magari mwaka ule, lakini si kwa kupenda mwendo. Nilitaka kumwona mke wangu Tusekile, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi Mafinga, na sikuwa na namna ya kumwendea bila kumuumiza baba yangu. Ningesema wazi kwamba naenda kumtazama Tusekile, baba angekumbuka kwamba Tusekile aliondoka nyumbani kwa sababu yake. Nikisema naenda kushindana na akina Gurdit mpaka Iringa na kurudi, hayo yalikuwa mambo ya wanaume wanaopenda kuchoma petroli, na baba angecheka tu.

Msomaji asiyetoka kwetu Rungwe anahitaji maelezo kidogo. Kwa Wanyakyusa waliolelewa namna yetu, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, hatamki jina lake, na akimwona anakuja njiani anachepuka mpaka apite. Si uadui hata kidogo. Ni heshima, na hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Kijijini jambo hili halina taabu, kwa sababu nyumba ziko mbalimbali na migomba inaficha mengi. Lakini sisi tulikuwa tumepanga Mwanjelwa, mjini Mbeya, vyumba viwili na mlango mmoja, baba alipopanda kutoka kijijini na miguu iliyovimba ili awe karibu na hospitali. Mimi ndiye mtoto wa kiume aliyebaki. Hapakuwa na mwingine wa kumpokea.

Mwanzoni walijitahidi wote wawili, nami katikati yao nikipitisha sinia. Baba alikohoa kila alipotaka kutoka chumbani, ili Tusekile apate nafasi ya kukimbilia uani. Tusekile alipika, akaacha chakula mlangoni, akaenda kulala kwa jirani. Siku moja baba alisahau kukohoa, wakakutana ana kwa ana koridoni. Tusekile alijitupia kanga kichwani, uji wote ukamwagika, na baba akabaki amesimama na fimbo yake, machozi yakimtoka kwa aibu. Tulimwita mchungaji wetu, akasema mila hiyo imepitwa na wakati na Mkristo hafungwi nayo. Tusekile alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Jioni akaniambia, "Mchungaji si mkwe wangu." Muhula ulipokwisha aliomba uhamisho, nikabaki na baba, na redio, na sufuria ambazo sikujua kuzipikia.

Klabu yetu ilikuwa ndogo. Mwenyekiti alikuwa Gurdit, Kalasinga mwenye gereji karibu na soko, aliyezaliwa Mbeya na ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi wetu. Walikuwamo wakulima wachache wa upande wa Mufindi na Iringa, na sisi makarani tuliobahatika kununua magari ya watu waliorudi kwao Ulaya. Sheria yetu kuu ilikuwa kwamba gari liwe la kawaida, kama lilivyotoka dukani, lile lile unaloendea kazini Jumatatu. Mikanda ya kiti iliruhusiwa, na bati la kukinga injini kwa chini, basi. Sheria ya pili ilikuwa watu wawili katika kila gari: dereva, na msoma ramani wa kushika saa na karatasi za njia na kugongesha kadi katika kila kituo.

Msoma ramani wangu siku zote alikuwa Tusekile. Datsun yangu ya milango minne haikuwa na nguvu za kutisha, lakini yeye alikuwa na sauti iliyofika kwenye kona kabla yangu. Alipokwenda Mafinga niliacha kushindana, gari likabaki la kunipeleka ofisini na kumpeleka baba hospitali. Gurdit ndiye aliyenirudisha. Alinikuta gerejini kwake siku moja nikibadilisha mafuta, akasema, "Mwaka huu njia inapita Mafinga. Mimi sisemi kitu, nakutajia njia tu. Ila utafute mtu wa kukaa naye. Sheria ni watu wawili, hata kama wa pili ni gunia la mahindi linalojua kusoma saa."

Nilimpata Bwana Sanga, jirani yangu, Mkinga mfanyabiashara wa mbao. Alikubali kabla sijamaliza sentensi, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Dereva mmoja wa lori la mbao alinichukulia ujumbe mpaka Mafinga: nitapita Jumamosi mchana. Sikuongeza neno, kwa sababu kila neno nililofikiria kuongeza lilikuwa swali moja tu, naye alilijua tayari.

Jumamosi asubuhi baba alikuwa barazani amejifunika blanketi. Dada yangu alikuwa amekuja kutoka Tukuyu kumtazama kwa siku zile mbili. Baba aliiangalia namba iliyobandikwa mlangoni mwa gari.

"Nani atakusomea njia?" aliuliza.

"Sanga."

"Mkinga yule? Yule anajua njia ya dukani tu."

Tulicheka. Kisha kicheko kikatuishia kwa pamoja, maana wote wawili tulijua nani alizoea kukaa na zile karatasi. Baba alinitakia safari njema na hakuuliza njia inapita wapi.

Kutoka Mbeya tuliondolewa gari moja moja kwa bendera, huku watu wa soko wakishangilia hata magari yaliyokataa kuwaka. Siku hizo barabara kubwa ilikuwa ikiwekwa lami vipande vipande. Unapata raha kidogo, halafu kibao, halafu mchepuko wa vumbi na mawe, na humo humo malori yanayopeleka mafuta Zambia. Uyole tuliipita vizuri. Huko mbele ndipo nilipomfahamu Sanga. Alikuwa amepakata mfuko wake mkubwa kama mama aliyepakata mtoto, na karatasi za njia zilikuwa chini ya mfuko.

"Kona," alisema.

"Kona ya wapi?"

"Hiyo tuliyoipita."

Baada ya Inyala barabara inashuka, na baridi ya Mbeya unaiacha mgongoni. Igurusi jua lilikuwa limeshawaka. Chimala tulisimama kituoni, kadi ikagongwa muhuri, na Sanga akashuka kununua wali na maharage kwa mama mmoja wa kando ya barabara, akala taratibu wakati saa inatembea. Nilimpigia honi. Aliinua kijiko kunionyesha kwamba amenisikia.

Igawa tulizuiwa na ng'ombe. Kundi kubwa lilikuwa likivuka kwenda upande wa mbuga za Usangu, na mwenye mali alikuwa Msukuma mmoja mrefu, mmoja wa waliokuwa wakihama na mifugo kutoka kaskazini. Mbele yetu magari mawili ya mashindano yalikuwa yamesimama nayo, madereva wakipiga kelele. Yule bwana alikuja dirishani kwangu kusalimia, na kwa kuwa salamu haikatazwi na klabu, nilizima injini.

"Mnakimbilia wapi?" aliuliza.

"Iringa."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Tunashindana tu kufika."

Alilifikiria hilo kwa muda. "Na mkifika?"

"Tunarudi."

Alitingisha kichwa kwa huruma, akanitakia heri, akaenda kumhimiza fahali wake wa mwisho. Sanga alicheka mpaka mfuko ukaanguka. Mimi nilimwonea wivu yule bwana kwa sababu nyuma ya ng'ombe walikuwa wanakuja mke wake na mama yake, wamebeba vyombo, wakizungumza bega kwa bega.

Makambako tulifika mchana, na upepo wa pale, kama kawaida yake, ulikuwa ukimtafuta kila mtu asiye na koti. Pembeni kulikuwa na kambi za Wachina na vifusi vya udongo wa reli mpya. Tuligongesha kadi. Nilipotaka kuondoka, Sanga alifungua mlango, akatoa mguu mmoja, kisha mfuko, kisha mguu wa pili.

"Asante kwa lifti, kaka," alisema. "Nyumbani ni hapo tu nyuma ya soko."

"Lifti? Bwana Sanga, wewe ni msoma ramani wangu."

"Ndiyo. Nimeisoma mpaka hapa." Alinipa karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Mdogo wangu anaoa kesho. Basi lilijaa tangu juzi. Mungu akubariki."

Sikuwa na nguvu za kugombana na mtu anayenibariki. Mtu wa kituo aliniambia naweza kuendelea peke yangu mpaka kituo kinachofuata, ila huko nisipopata mtu wa pili ndiyo mwisho wangu. Kituo kinachofuata kilikuwa Mafinga.

Kati ya Makambako na Mafinga niliendesha peke yangu, na sikuwahi kujua njia ile ni ndefu kiasi kile. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Nilizitandaza karatasi juu yake, upepo ukazipeleka chini. Nikaanza kujisomea kona mwenyewe kwa sauti, na sauti yangu ilinichukiza. Nilikuwa nimekaa miezi mingi nikijiambia kwamba mimi si mpweke, nina baba, nina kazi, nina majirani. Pale Nyigo, ambapo hapana mtu wala nyumba ya kuonwa barabarani, nilikubali kwamba nilikuwa mpweke sana, na kwamba nilikuwa nimechoka kuwa mpweke. Nililia kidogo nikiendesha. Nilipunguza mwendo kwanza, maana mbele kulikuwa na lori.

Mafinga kulikuwa na ukungu mwembamba na harufu ya mbao mbichi. Kituo kiliwekwa karibu na kiwanda cha kupasulia magogo, na Tusekile alikuwa amesimama pale, sweta la kijani juu ya gauni la kazini, mikono kifuani. Tulisalimiana kwa kupeana mikono mbele za watu kama ndugu waliokutana stendi.

"Umekonda," alisema. "Kwenu anapika nani?"

"Mimi."

"Basi ndiyo sababu." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee wa nyumbani hajambo?"

"Miguu imepungua kidogo kuvimba."

"Namshukuru Mungu," alisema, na uso wake ulionyesha kwamba alishukuru kweli.

Mtu wa kituo alikuwa karani wa kiwanda kile, Mhehe mmoja mrefu aitwaye Kihwele, aliyevaa kofia ya sufu. Aliigonga kadi yangu, akachungulia garini. "Bwana, wa pili yuko wapi?"

"Ameshuka Makambako. Ana harusi."

"Basi na wewe umeshuka hapa. Bila mtu wa pili sikuruhusu."

Nilimtazama Tusekile. Sikumwomba. Nilimtazama tu, na yeye akatazama barabara ya Iringa, na nikaona midomo yake ikijizuia kutabasamu. Alipenda mashindano yale kuliko mimi. Siku ile shule ilikuwa imefungwa kwa wikiendi, na mwalimu mwenzake alikuwa na mama yake Iringa wa kumlaza. Alimwambia Kihwele aandike jina lake, akazunguka gari, akafungua mlango wa mbele.

Hapo alisimama. Kwenye kiti kulikuwa na mto mdogo ambao dada yangu alimshonea baba kwa ajili ya mgongo wake, na pembeni, kwenye mpira wa mlango, alama ya fimbo ilikuwa imechimbika.

"Nani anakalia kiti hiki?" aliuliza.

Nilielewa papo hapo. Miezi ile yote nilikuwa nimehesabu nyumba tu: mlango, korido, choo, uani. Nilikuwa nimepanga kichwani namna ya kutoboa mlango wa pili, namna ya kupata chumba cha tatu. Gari sikulifikiria. Kila nilipompeleka baba hospitali nilimweka mbele kwa sababu ya miguu yake, na mahali anapokaa mkwe mkamwana hakai. Mimi ni mtoto wake, nakalia popote alipokalia, kwa hiyo halikunijia.

Ningeweza kusema ni Sanga.

"Baba," nilisema. "Nampeleka hospitali."

Tusekile aliufunga ule mlango polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa aliyelala. Gari lingine lilifika nyuma yetu, likagongewa kadi, likaondoka na vumbi lake. Nilijua safari yangu imeishia hapo, na si ya mashindano peke yake. Ndipo akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akaketi katikati, akanyoosha mkono akitaka karatasi.

Kihwele alikuja mbio. "Mama, msoma ramani anakaa mbele."

"Sheria inasema mbele?"

Alitoa karatasi yake mfukoni, akaisoma, midomo ikicheza. "Inasema watu wawili."

"Basi tuko wawili. Mbele pana mkwe wangu."

Kihwele aliangalia kile kiti kitupu, akaangalia ule mto. Nilitegemea acheke. Alivua kofia yake, akainama dirishani na kusema, "Kamwene, baba," kwa ile sauti ambayo Wahehe huwasalimia nayo wakubwa. Kisha akatushushia bendera.

Kutoka Mafinga mpaka Iringa niliendesha vizuri kuliko nilivyowahi kuendesha maishani. Misonobari ya Sao Hill ilitupita pande zote, na sauti yake ilitoka nyuma ya sikio langu: kulia taratibu, kushoto kali, daraja jembamba, lori la magogo limebaki upande wako. Sikumwona. Kiti changu kilikuwa kati yetu, na kando yangu kulikuwa na nafasi ya mtu asiyekuwepo. Nilikigeuza kioo mpaka nikapata uso wake.

"Rudisha kioo," alisema. "Mimi si barabara."

Nilikirudisha nusu. Ifunda tulimpita mkulima mmoja aliyetuacha vumbini tangu Chimala. Tanangozi tulimpita mwingine, na Tusekile akapiga makofi kwenye mgongo wa kiti changu. Nilikuwa na furaha. Naisema wazi kwa sababu ilikuwa fupi. Tulivuka Ruaha Mdogo pale Ipogolo, tukapanda kilima, na Iringa ikatupokea na baridi yake ya jioni na watoto waliokaa juu ya mawe kutuangalia.

Gurdit alikuwa amefika kitambo. Aliangalia karatasi za muda, akatuangalia sisi, mmoja mbele na mmoja nyuma. "Sasa umekuwa dereva wa teksi," alisema. "Lakini teksi yako inakimbia. Mkirudi hivi hivi kesho, kikombe kidogo, cha daraja la magari madogo, ni chenu."

Iringa tulilala Kihesa, kwa mama wa yule mwalimu mwenzake Tusekile, Mama Nyalusi, Mlutheri mwenye nyumba safi na maneno mengi. Alituletea ugali na nyama, akaniona nasita, ingawa nilikuwa nasita kwa uchovu tu.

"Kula, baba, ni mbuzi, si mbwa," alisema. "Najua mnavyotusema Wahehe huko kwenu."

"Sisi hatusemi, mama. Tunauliza tu kabla ya kula."

Alicheka akampiga Tusekile begani. Mimi alinitilia ulanzi, pombe ya mianzi, katika kikombe cha bati, ingawa mwenyewe hanywi, akasema mgeni wa Iringa asipoonja huo hajafika. Tulikaa jikoni kwake karibu na moto mpaka macho yakawa mazito. Swali langu lilikuwa mdomoni jioni nzima, na jioni nzima nililimeza pamoja na ulanzi.

Jumapili, mara tu palipopambazuka, nilitoka uani na ndoo ya maji ya moto na kipande cha sabuni, nikakisugua kile kiti cha mbele. Mto niliuficha kwenye buti la gari. Mama Nyalusi alinishangaa kutoka mlangoni. Tusekile alipokuja na mfuko wake alikiona kiti kimelowa, akanigeukia.

"Unadhani ni uchafu?" aliniuliza.

"Sijui ninadhani nini."

"Mto umeuweka wapi?"

Nilimwonyesha. Aliutoa kwenye buti, akaupangusa vumbi, akanipa niurudishe mahali pake, maana yeye asingeushika zaidi ya hapo. Kisha akaingia nyuma.

Tulirudi Mafinga kwa kasi ile ile, lakini maneno yetu yalikuwa ya kona tu. Kihwele aliigonga kadi na kutuambia hakuna wa daraja letu aliye mbele yetu. Ilibaki tuondoke tu. Tusekile alifungua mlango wa nyuma akashuka.

Nilimfuata. Tulisimama kando ya rundo la mbao, na mambo yote niliyoyameza yakatoka kwa mara moja. Nilimwambia aje mpaka Mbeya tu. Alale kwa jirani, Jumatatu nitampakia kwenye basi la kwanza. Nilimwambia sitaki kikombe, kikombe ni bati. Nilimwambia nyumba ni kimya sana, najikuta nasimama mlangoni mwa chumba chetu kama mgeni. "Niambie tu unarudi lini," nilisema. "Niambie hata mwaka. Nitasubiri."

Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta.

"Kila siku naomba mzee aishi miaka mingi," alisema. "Asubuhi na jioni. Nimemwombea kuliko nilivyomwombea baba yangu mwenyewe, kwa sababu yule nilimtunza kwa mikono yangu na huyu siwezi. Na wewe kila ukituma salamu, unaniuliza narudi lini. Unajua nitarudi lini. Nami najua. Ukiniuliza hivyo unaiharibu sala yangu, inakuwa ya uongo."

Nilitaka kusema sikumaanisha hivyo. Lakini hapakuwa na maana nyingine katika swali lile, hata ningelizungusha vipi. Sikuwa na nyumba nyingine, baba hakuwa na mtoto mwingine wa kiume, na hospitali haikuwa kijijini. Miezi yote ile nilikuwa namtamani mke wangu, na humo humo, bila kujisikia, nilikuwa nahesabu siku za baba.

"Sitakuuliza tena," nilisema.

"Njoo unitazame," alisema. "Njoo bila mashindano, mwambie kwamba unakuja. Atafurahi. Ila usiniulize."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake kupitia njia ya kiwandani bila kugeuka nyuma. Kihwele alisubiri mpaka nikarudi garini. Aliibandua namba yangu mlangoni kwa ukucha, taratibu, asichubue rangi, akanipa.

Kutoka Mafinga kwenda Mbeya sikuwa mshindani tena, nilikuwa mtu anayerudi nyumbani. Magari ya wenzangu yalinipita moja baada ya jingine, mengine yakinipigia honi kuuliza kulikoni, nami nikawapungia waende. Makambako nilisikia ngoma za harusi nyuma ya soko, na nikamtakia heri mdogo wake Sanga. Chimala nilikula wali kwa yule mama, taratibu, mpaka sahani ikaisha. Upweke ulikuwa palepale, haukupungua hata kidogo. Ila ulikuwa wangu sasa, na nilijua sitamtwisha mtu mwingine kwa kumuuliza utaisha lini. Hilo ndilo pekee nililojifunza katika safari ile, na ningependa kusema lilinifariji, lakini halikunifariji siku ile.

Mbeya niliingia jua likiwa bado juu ya milima. Dada yangu alikuwa anaosha vyombo. Baba alikuwa amelala ubavu, macho wazi, na aliniangalia nikivua viatu.

"Umeshinda?"

"Hapana, Baba. Nimetolewa."

"Sanga huyo."

"Sanga alishuka Makambako." Nikavuta stuli nikakaa karibu naye. "Nilimwona Tusekile. Tulikwenda naye mpaka Iringa."

Hakushtuka. Nadhani alijua tangu nilipobandika ile namba. Aliniuliza kama hajambo, kama ana nguo za baridi ya Mafinga, kama shule ni nzuri. Nilimjibu yote. Akawa anaikunja na kuikunjua ncha ya blanketi, kisha akauliza jambo alilokuwa amelishika muda wote ule.

"Amesema anarudi lini?"

"Sikumwuliza, Baba."

Mikono yake ilitulia juu ya blanketi. Nje dada yangu aliacha kugonga vyombo, na nikamsikia baba akivuta pumzi ndefu.

"Ndaga, mwanangu," alinishukuru kwa lugha yetu.